Maandishi ya kuzunguka duara: ya juu yakaa sawa, ya chini yapinduka

chapakazi_oldtown

Asalaam aleikum jamani, na wengine wote habari za jioni. Nna kijikazi hapa kimenikwama kooni. Shangazi yangu auza achari ya embe, zamani alikuwa akiweka kwa vifuko vya plastiki sasa amehamia chupa za glasi zenye kifuniko cha bati, na ataka stika ya duara ya kubandika juu ya kifuniko. Kazi akanipa mimi kwa kuwa ati ndio "mtu wa kompyuta" nyumbani.

Stika ni milimita 60. Juu ataka ACHARI YA MAEMBE NA PILIPILI, chini KIBOKONI MOMBASA, katikati picha ya embe na majani yake. Herufi ataka ziwe kubwa, kimo kama milimita 5 hivi, asema wazee wenzake wasihitaji miwani. Natumia Inkscape, programu ya kuchora, manake ni ya bure na laptopu yangu ni kuukuu haibebi programu nzito. Nachora duara, naandika, nachagua vyote viwili, naenda menyu ya Text nabonyeza Put on Path, na ya juu hewala, yajipinda vizuri kabisa. Shida ni ya chini. Yazunguka mpaka chini sawa lakini vichwa vyatazama sakafuni, mpaka ugeuze chupa ndio usome. Nikaona video moja jamaa asema geuza duara, nikageuza, yakasomeka, lakini sasa yameingia ndani ya mstari na ya juu yako nje ya mstari, yaani hayako ukanda mmoja, jicho lakataa kabisa. Nishajaribu Canva pia, huko kila moja lapinda kivyake, ukitazama mbali ni kama yai.

Hebu nifahamisheni, hili ni tatizo la programu ama kuna kitu sikijui?

---

Bint_Kuze

Waaleikum salaam kakangu. Programu haina makosa, yafanya vile inavyotakiwa. Kitu ambacho hizo video hazisemi ni kuwa duara lina mwelekeo. Inkscape yaanza kulichora upande wa kulia kabisa, yashuka chini, yaenda kushoto, yapanda juu, kama magari yanavyozunguka raundabauti ya Makupa, na herufi zafuata mwendo huo huo miguu ikikanyaga mstari na vichwa vikitazama nje. Zikiwa juu, nje ni juu, wasoma raha mustarehe. Zikifika chini, nje ni chini, basi vichwa vyaelekea sakafuni. Ukitaka ya chini yasomeke lazima mwendo wa duara ugeuzwe, vichwa vitazame katikati. Ila ukiugeuza kwa duara lile lile miguu itakanyaga mstari ule ule kwa upande wa ndani, na hapo ndipo ukapata hiyo moja nje moja ndani.

Dawa yake ni maduara mawili. Watu wengi wang'ang'ana na moja tu na ndio wachoka bure.

Fanya hivi. Stika yako 60, acha milimita 3 kila upande usisogeze herufi hapo, kisu cha kukatia huwa chayumba kidogo. Yabaki 54. Duara la kipenyo 54 ni la maandishi ya CHINI, miguu itakanyaga hapo na vichwa vitaingia ndani. Kimo cha herufi umesema milimita 5, basi toa 5 kila upande upate 44, hilo ndilo duara la maandishi ya JUU, miguu yakanyaga 44 na vichwa vyatoka nje mpaka 54. Umeona? Sasa yote mawili yako ndani ya ukanda mmoja, baina ya 44 na 54, na ukichora pete mbili za rangi kuyazunguka zitakaa sawasawa.

Ukichora duara shikilia Ctrl lisiwe yai, halafu ONDOA mstari wa rangi kabla hujaandika kipimo, kwa sababu Inkscape ikiachwa ilivyo huhesabu unene wa mstari ndani ya upana na utapata 44 ambayo si 44. Duara la 44 litie maandishi ya juu kama ulivyofanya. Kama hayajakaa katikati usiyaburute maandishi, zungusha duara lenyewe, bonyeza mara ya pili upate mishale ya kuzungushia, maandishi yatalifuata. Duara la 54 kwanza nenda menyu ya Path, Object to Path, halafu menyu hiyo hiyo Reverse, ndio sasa ulichague pamoja na maandishi ya chini na ubonyeze Put on Path. Kisha hakikisha vituo vya maduara vyote viwili viko pahali pamoja, dirisha la Align lafanya hiyo kwa kubonyeza mara mbili.

Na usije ukafuta duara! Maandishi yanalishikilia, ukilifuta yapoteza njia yake. Liache bila rangi ya ndani wala ya mstari, halionekani. Siku ya kupeleka kwa mchapaji ndio wachagua maandishi, Object to Path, yawa michoro, na hapo duara huna haja nalo tena. Lakini weka faili nyengine pembeni yenye maandishi bado ni maandishi, shangazi si atabadilisha mawazo tu, nawajua mashangazi.

---

corel_kingorani

Inkscape ya nini jamani, yote hayo ya nini. CorelDRAW waandika, waenda Text, Fit Text to Path, wasogeza mausi juu ya duara wabonyeza, kwisha. Ya chini kuna vitufe viwili vya kioo pale juu kwenye upau, kimoja cha kulala kimoja cha kusimama, bonyeza VYOTE VIWILI, kimoja peke yake kitakupa maandishi ya kusomwa kwenye kioo cha gari. Halafu kuna kisanduku cha Distance from path, waongeza ama wapunguza milimita mpaka ya chini yaingie ukanda mmoja na ya juu. Duara moja tu latosha. Ctrl+K wayatenganisha na duara, Ctrl+Q yawa michoro si maandishi tena, peleka printi.

Na tafadhalini nyinyi wote, hiyo Ctrl+Q ama Object to Path msiisahau. Sisi tulio dukani twaletewa faili kila siku fonti ya mwenyewe hatuna, kompyuta yaweka yake, maandishi yote yaharibika mzunguko, halafu mteja aja juu ati duka limemwaribia logo.

---

Bint_Kuze

@corel_kingorani sawa lakini Corel si yalipiwa, na zile za kupitishana kwa flashi mimi sizitaji hapa. Ndugu ameuliza Inkscape ajibiwe Inkscape. Halafu hiyo Distance from path yako ni duara la pili lile lile, tofauti ni kuwa Corel imekufichia tu.

---

corel_kingorani

Haya mama, umeshinda 😂 lakini vitufe viwili bado ni haraka kuliko Reverse

---

fundi_mihuri

Mwanangu, kabla hujafika huko kote kuna jambo hawajakwambia. Maneno yako ni mengi, hayaenei kwenye duara.

Mimi nachonga mihuri ya maofisi na vyama, maandishi ya duara ndio mkate wangu, na kitu cha kwanza ni kupima maneno yakiwa yamenyooka kabla hujayapinda. Fonti kama Arial kimo cha herufi kubwa ni kama asilimia 72 ya ukubwa wa fonti, na pointi moja ni milimita 0.35. Kwa hivyo ukitaka kimo cha milimita 5 ni pointi 20. Sasa andika ACHARI YA MAEMBE NA PILIPILI kwa pointi 20 uyalaze, yatoka kama milimita 109. Mzingo wa duara la 44 ni 138. Yaani maneno ya juu peke yake yala digrii 285. KIBOKONI MOMBASA ni milimita 72, mzingo wa duara la 54 ni 170, hiyo ni digrii 153. Jumlisha mwenyewe, 438, na duara tangu dunia iumbwe lina 360.

Utafanya nini? Vijana wengi hupunguza fonti mpaka yaingie. Kwako wewe itabidi ushuke mpaka pointi 15 hivi, na hapo kimo chawa chini ya milimita 4, ile habari ya wazee na miwani imekwisha. Wengine huyabana kwa upana herufi ziwe nyembamba kama mishikaki. Mimi hukata maneno. ACHARI YA MAEMBE peke yake ni milimita 71, digrii 184, nusu duara na kidogo, hicho ndicho kipimo kizuri cha maandishi ya juu. Yakizidi pale sana, neno la mwanzo na la mwisho yalala ubavu na msomaji apinda shingo. Chini weka MOMBASA tu, milimita 36, digrii 77. Nafasi zinazobaki kushoto na kulia weka nyota ama nukta nene, moja kila upande, zitenganishe mwanzo na mwisho. Neno PILIPILI liweke katikati chini ya embe, limenyooka, na kwa rangi nyekundu litaonekana kuliko lingekuwa huko kwenye duara. Kibokoni ipeleke kwa lebo ya ubavuni pamoja na namba ya simu na viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na hayo ya ubavuni usije ukayapinda hata moja.

Jambo la pili ni nafasi baina ya herufi. Ya juu vichwa vyatoka nje, vyatanuka, kwa hivyo neno laonekana limeachana hata kama hujaongeza kitu. Ya chini vichwa vyaingia ndani, vyagongana. Basi ya juu yabane kidogo, ya chini yaachie, na ya chini hasa hasa, kwanza duara likiwa dogo. Usiende kwa namba, nenda kwa jicho, sogea nyuma uyatazame kwa mbali. Herufi A ikikaa na Y kwenye duara huacha pengo kubwa, hilo utaliziba kwa mkono.

---

Bint_Kuze

Mashallah fundi, hiyo hesabu naihifadhi. Kwa Inkscape hapo weka kishale ndani ya maandishi, uchague yote, Alt na > yaachia, Alt na < yabana. Ukitaka herufi moja moja tu, weka kishale baina yake, Alt na mshale wa kushoto ama kulia.

---

simu_tu

Na sisi wa simu? Mimi sina laptopu na vikundi vya harusi na besdei zote natengenezea kwa simu. Canva nenda Effects, kuna Curve, ukivuta upande mmoja yapinda juu ukivuta upande wa pili yapinda chini, hivyo ya chini yasomeka bila kuumiza kichwa na habari za mwelekeo. Mimi huweka duara la rangi nyuma kama kipimo, nikavuta mpaka maandishi yafuate ukingo wake, nikimaliza nalifuta duara. Yatoka poa.

---

fundi_mihuri

Kwa kadi ya harusi ya kutuma WhatsApp hakuna neno, yatosha mwanangu. Lakini huko hakuna pahali pa kuandika kipenyo kwa milimita, ni jicho tu, na stika yenye pete mbili za rangi hukuumbua, maandishi yakipotea nusu milimita yaonekana kabisa yameegemea pete moja.

---

ustadh_majengo

Samahanini naingilia kati, yangu yafanana na hiyo. Natengeneza nembo ya madrasa, jina kwa Kiswahili chini limekaa sawa, juu nataka kwa Kiarabu. Nikiweka kwenye duara yale maunganisho ya herufi yakatika, kila baada ya herufi kuna kijipengo ama kona. Nikikuza duara yapungua, nikilipunguza yazidi. Ni fonti mbovu?

Na wewe wa achari, ukija ukapata fikra ya kutia bismillahi kwenye hicho kifuniko, usitie. Vifuniko mwisho wake ni jaani.

---

Bint_Kuze

Ustadh sio fonti. Put on Path haipindi herufi, yaichukua kila moja kama ilivyo na kuizungusha tu isimame kwenye mstari. Herufi za kuachana kama zetu hizi huoni kitu, lakini Kiarabu kimeshikana, na kila kiungo chanyooka hali duara lapinda, basi penye kuungana pafunguka. Fonti za mwandiko wa mkono zile za kadi za arusi zafanya hivyo hivyo. Na ndio maana duara kubwa lapunguza, kila herufi yazunguka kidogo kuliko jirani yake.

Kwako usitumie Put on Path kabisa. Andika jina likiwa limenyooka, hakikisha herufi zimeungana vizuri na zaenda kulia kwenda kushoto, halafu Object to Path, ziunganishe zote kwa Union ziwe umbo moja, kisha menyu ya Path tena, Path Effects, utafute inayoitwa Bend. Hiyo yapinda umbo lenyewe, mistari na viungo vyote, hakuna pa kukatika. Dosari yake ni kuwa ukipinda sana vichwa vyavutika na miguu yabanwa, Kiarabu chavumilia kidogo manake waandishi wa khati hurefusha herufi tangu zamani, lakini cha kwetu hiki ukikipinda hivyo chawa kama bango la filamu za kuchekesha. Kwa hivyo Kiarabu juu kwa Bend, Kiswahili chini kiache kwenye njia yake. Na mpe ustadh mwengine akisome kabla hakijachapwa, nukta zisije zikapotea.

---

corel_kingorani

Kuna wale pia hutumia Warp ya Arc kwa Photoshop kisha waja nayo dukani, hiyo nayo ni kupinda herufi zenyewe. Kwa jina fupi juu ya logo ya timu ya mpira sawa, kwa muhuri ama stika herufi za pembeni zanenepa zaegemea. Halafu yaja ikiwa picha ya pikseli, plota, ile mashine ya kukatia stika, haina mstari wa kufuata.

---

chapakazi_oldtown

Jamani shukran sana wote. Maduara mawili yamekubali, 44 na 54, ya juu na ya chini yako ukanda mmoja kabisa. Kukata maneno ndio kulikuwa na mjadala, shangazi aling'ang'ania NA PILIPILI iwe juu mpaka nilipomchapia vyote viwili kwa karatasi ya kawaida nikamwekea mbele. Amekubali PILIPILI nyekundu katikati, Kibokoni amesema iende ubavuni lakini iwe kwa herufi kubwa 🙄

Sasa maswali mawili, rangi ya nyuma ni kijani, duka laniuliza ati faili ina "bliidi" ama haina. Na la pili, nilipobandika ile karatasi juu ya kifuniko ukingo wake wainuka kidogo kila upande, yaani haulali.

---

corel_kingorani

Bliidi ni ile rangi ya ziada inayovuka mstari wa kukata, kisu kikiyumba kisiache uzi mweupe pembeni. Stika ni 60, basi duara la kijani lifanye 66, tatu kila upande. Maandishi usiyaguse. Mstari wa kukata ni duara jengine la 60 la mstari mwembamba bila rangi ya ndani, liweke leya yake peke yake, yaani tabaka lake ndani ya faili, tujue ni la kisu sio la wino. Hifadhi PDF. Na ukichapa majaribio hakikisha printa iko asilimia 100, ile ya kujaza ukurasa izime, la sivyo milimita zako zote ni za uwongo.

---

fundi_mihuri

Ukingo wainuka kwa sababu umepima kifuniko kizima. Bati la kifuniko pale mwisho laanza kuteremka, stika haikubali kulala penye mteremko, vinili ndio kabisa, kiangazi kimoja cha hapa Mombasa na gundi yaachia. Pima pale palipo bapa tu, halafu utoe milimita moja hivi kila upande.

---

chapakazi_oldtown

Nimepima, palipo bapa ni 58. Kwa hivyo 56. Yaani nianze maduara upya??

---

Bint_Kuze

La, usianze chochote. Chagua kila kitu, maduara na maandishi yake na embe na duara la kukatia, Ctrl+G yawe kundi moja, ila hilo la kijani la bliidi liache nje kwanza. Bonyeza kile kikufuli baina ya upana na urefu kifunge, andika 56 kwenye upana. Vyote vyapungua kwa kiasi kimoja, 54 yako yawa 50 na kitu, 44 yawa 41, na kimo cha herufi chatoka 5 chawa 4.7, wazee bado wataona. Digrii za fundi hazibadiliki hata moja. Halafu kijani kifanye 62.